Siku 140 na Kano Moja ya Kisigino

Siku ya 1, Jumatatu

Kilomita 6 kwa dakika 47. Mwaka mzima nimekuwa nikizikimbia kilomita 5 mara mbili kwa wiki, natoka nyumbani kama mtu anayekimbiza mwizi na kurudi nikihema kama mwizi mwenyewe. Leo Shemeji alikaa ubavuni kwangu tangu mwanzo hadi mwisho, akinirudisha nyuma kwa mkono kila nilipochomoka. Sharti lake ni moja: niongee. Kama siwezi kumsimulia ugomvi wa jana ofisini kwa sentensi nzima, basi nakimbia kupita kiasi.

Mtoto mwenye begi la shule alitupita akitembea. Sitanii.

Nina miaka 47 na kilo 84, na kazi yangu ni ya kiti kuanzia asubuhi hadi jua linazama. Marathoni niliyojiandikisha ni ya Jumapili, wiki 20 kutoka sasa. Shemeji ni mdogo wa mke wangu, ana miaka 39, na kashakimbia sita. Watu wanadhani ndiye aliyenishawishi. Ukweli ni kwamba alicheka mezani niliposema hata mimi naweza, na kilichofuata ni kiherehere changu mwenyewe.

Siku ya 4, Alhamisi

Kwa daktari. Baba yangu mdogo aliondoka ghafla akiwa na miaka 52, kwa hiyo habari ya moyo kwangu si pambo. Presha iko juu kidogo, si ya kutisha. Nikafungwa waya kifuani, mashine ikachora milima yake midogo kwenye karatasi, daktari akaisoma kimya mpaka nikaanza kuandika wosia kichwani. Moyo mzima. Akanipa mambo ya kusimama nayo papo hapo bila kujadiliana: maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi kukatika isivyo kawaida.

Nikamuuliza kuhusu hesabu ile ya kutoa umri kwenye 220 ili kupata kikomo cha mapigo. Kwangu ni 173. Akasema hiyo ni wastani wa watu wengi, na kwa mtu mmoja inaweza kukosea kwa mapigo 10 na zaidi, juu au chini. "Ongea unapokimbia," akasema. Nikabaki kujiuliza kama amewahi kukutana na Shemeji.

Siku ya 14, Jumapili

Kilomita 12, zote kuzunguka uwanja mmoja. Mzunguko wa kumi nilitaka kulia kwa uchovu wa macho, si wa miguu. Shemeji akanisimulia habari za Ed Whitlock, mzee wa Kanada aliyefanya mazoezi kwa kuzunguka makaburi ya mjini kwake, saa mbili, saa tatu, siku baada ya siku, taratibu. Mwaka 2004, mjini Toronto, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48.

Sikumjibu kitu kwa mizunguko miwili. Nilikuwa nimeuandaa umri wangu uwe kisingizio cha akiba, na mzee wa watu kanipokonya.

Siku ya 23, Jumanne

Raba mpya, zinazozidi kipimo changu cha kawaida kwa nusu. Mguu huvimba ukikimbia muda mrefu. Basi.

Siku ya 38, Jumatano

Nimefanya ujinga, na nauandika usiku huu huu kabla sijauremba.

Ratiba ilisema kilomita 8 za kuongea. Shemeji alikuwa safarini. Uwanjani nikakuta vijana wanakimbia mita 400 kwa kasi, wanapumzika, wanarudia. Mmoja akaniambia, "Karibu, mzee." Neno lile *mzee* lilinichoma. Nikaingia. Nilikimbia nao mara sita, na katika ya nne nilimaliza mbele ya wawili, wala sijutii sekunde zile. Katika ya sita nikasikia kitu juu ya kisigino cha kushoto kikikaza, kama kamba ya ndoo iliyofika mwisho wake. Hakikukatika. Kilikaza tu, kikabaki hivyo.

Nikatembea kurudi nyumbani kwa mwendo wa mtu asiye na tatizo lolote. Kufa na tai shingoni.

Siku ya 39, Alhamisi

Hatua kumi za kwanza kutoka kitandani hadi mlangoni zilikuwa za bibi harusi aliyebanwa na viatu. Kano ya kisigino, ile nene inayounganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino, imevimba. Ukiibana kwa vidole viwili, unaruka.

Nikampigia Shemeji. Akasikiliza yote, akanyamaza kidogo, kisha: "Mbio za sakafuni huishia ukingoni, Shemeji." Ana tabia hiyo ya methali, na ubaya ni kwamba hazikosei.

Siku ya 42, Jumapili

Mtaalamu wa viungo kanieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Misuli ina damu nyingi, inapona upesi. Kano ina damu kidogo, inapona kwa mwendo wa konokono, na kadiri umri unavyosonga inapungua unyumbufu. Misuli yangu ilikuwa imeshazoea mbio katika wiki tano. Kano ilikuwa bado inauliza kuna nini.

Dawa si kulala. Dawa ni ngazi. Unasimama kwenye ukingo wa kidato kwa nusu ya mbele ya mguu, visigino vikining'inia hewani. Unajiinua kwa mguu mzima, unahamishia uzito kwenye mguu mgonjwa, kisha unashusha kisigino polepole mpaka kipite chini ya kidato. Mara 15, awamu tatu, goti likiwa limenyooka. Halafu yote upya goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Piga hesabu: mara 180 kwa siku.

Alieneza zoezi hili daktari wa Uswidi aitwaye Håkan Alfredson. Masimulizi yanasema yeye mwenyewe alikuwa na kano mbovu, akataka apasuliwe, mkubwa wake wa kazi akakataa. Basi akaamua kuitesa kano hiyo makusudi mpaka ikatike, ili wakose la kufanya zaidi ya kumpasua. Badala ya kukatika, ikapona. Utafiti aliouchapisha na wenzake mwaka 1998 ulikuwa wa wanamichezo wa kujifurahisha 15, wastani wa umri wao miaka 44. Watu wangu kabisa.

Siku ya 47, Ijumaa

Ngazi. Mke wangu akipita na nguo za kuanika ananihesabia, na nina hakika ananiibia. Leo alifika kumi na moja mara mbili.

Siku ya 56, Jumapili

Kilomita 10, zote za kuongea. Kano inauma kwa kiasi cha 3 kati ya 10, na hicho ndicho kikomo nilichopewa: ikivuka hapo, au kesho yake asubuhi ikiwa mbaya kuliko jana, napunguza. Nimegundua kwamba asubuhi ndiyo shahidi wa kweli. Jioni mwili ukipata moto unasema lolote.

Hili sikulijua kabla. Niliogopa kwamba makamo yatanikata pumzi, lakini pumzi inakuja vizuri tu. Kilichobadilika ni kupona. Miaka ishirini iliyopita nilicheza mpira Jumamosi na Jumapili nikacheza tena. Sasa kazi ya Jumapili inadaiwa hadi Jumatano. Shemeji amenipangulia ratiba yote: mbio nne kwa wiki badala ya tano, na siku moja ya kunyanyua vitu vizito na kuchuchumaa. Nilisikitika kama niliyeshushwa cheo.

Siku ya 77, Jumapili

Kilomita 21 za kwanza maishani. Saa 2 na dakika 34. Kano kimya. Nilirudi nyumbani nikalala kwenye sakafu ya sebule kwa sababu ilikuwa baridi na ilikuwa karibu.

Siku ya 98, Jumapili

Kilomita 26, na somo la tumbo.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, na ukijaza kote unapata takriban kalori 2,000. Kukimbia kunakula karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mimi sasa nina kilo 81, kwa hiyo kilomita 42 zinataka kalori 3,400 hivi. Pengo unalizibaje? Mafuta yapo, na kwangu yapo kwa wingi wa kutosha kufika nchi jirani, ila yanaungua taratibu, na kadiri unavyoongeza kasi ndivyo mwili unavyong'ang'ania wanga. Ukiisha, ndipo watu wanaposema wamegonga ukuta, kwa wengi mahali fulani baada ya kilomita 30.

Kwa hiyo unakula njiani. Jeli, pakiti ndogo ya utamu mzito kama gundi, gramu 25 za wanga. Moja kila baada ya dakika 40, na maji. Leo nilimeza mbili kwa pamoja bila maji kwa sababu niliisahau ya kwanza. Kilomita ya 19 tumbo likaanza kusema lugha yake. Sitaeleza zaidi. Kilomita ya 20 nilimwambia Shemeji kwa sentensi moja nzima, yenye kiima na kiarifu, kwamba nahitaji choo, na aliikubali kwamba ni sentensi.

Siku ya 119, Jumapili

Kilomita 32, ndefu kuliko zote kabla ya siku yenyewe. Saa 3 na dakika 52.

Hadi 24 tulikuwa watu wawili wanaopiga soga. Hadi 28 alikuwa Shemeji anayepiga soga. Kutoka 29 nilianza kuhesabu nguzo za umeme, kisha nikaanza kuzichukia nguzo za umeme, na kuna moja niliyoamini kabisa kwamba inarudi nyuma. Nilipomaliza nilisimama nimeegemea ukuta na nikasikia jasho limekauka shavuni likawa chumvi, unaisikia chini ya kidole kama mchanga.

"Siku yenyewe zinaongezeka kumi tu," Shemeji akasema.

Kumi *tu*. Ningekuwa na nguvu ningemrushia raba.

Siku ya 127, Jumatatu

Wiki tatu za mwisho mtu anapunguza mazoezi ili mwili ukarabati palipochakaa. Inasikika kama likizo. Nimegombana na kila mtu nyumbani. Goti la kulia, ambalo halijawahi kuuma, linauma. Nyonga inalia kama bawaba. Shemeji anasema kila mkimbiaji hupata maradhi ya kufikirika wiki hizi na niyapuuze. Usiku nimeota nimefika mstari wa kuanzia na viatu vya ofisini.

Siku ya 135, Jumanne

Kilomita 6. Nyepesi. Muda ninaoutaka ni saa 4 na nusu, yaani dakika 6 na sekunde 24 kwa kila kilomita. Nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika kwenye kioo. Mke wangu amekiomba kioo chake.

Siku ya 137, Alhamisi

Kilomita 4. Kucha nimekata.

Siku ya 138, Ijumaa

Leo na kesho ni wali, mkate, viazi, wali. Nimepanda kilo moja na nusu. Ni kawaida: kila gramu ya wanga inayohifadhiwa hukaa na karibu gramu 3 za maji. Suruali haijaelezwa hivyo.

Siku ya 139, Jumamosi

Nimechukua namba ya kifuani. Nyuma yake kuna chipu nyembamba ya kunihesabia muda, na mistari ya kujaza jina la mtu wa kupigiwa simu. Nilijaza jina la mke wangu kwa mwandiko mzuri kuliko niliotumia kwenye cheti cha ndoa.

Usingizi hauji. Shemeji alishasema usiku wenye uzito ni wa Ijumaa.

Siku ya 140, Jumapili

Saa 9 na nusu usiku niko jikoni nakula mkate na asali bila hamu. Mafuta ya mgando kwapani na mapajani, plasta kwenye chuchu (atakayecheka akimbie kilomita 26 na fulana yenye jasho, kisha aingie bafuni). Saa 12 asubuhi tuko kwenye foleni ya vyoo, watu mamia, kimya kama msibani.

Shemeji anaanzia mbele. Akanishika bega. "Kilomita tano za kwanza, Shemeji, ukijiona unapaa, ujue umekosea."

Saa 12 na nusu tukaachiwa.

Kilomita ya kwanza: dakika 6 na sekunde 2. Nikajiambia nitapunguza inayofuata. Inayofuata nikajiambia hivyo hivyo. Mbele yangu kulikuwa na kikundi kinachomfuata mtu mwenye kibendera kilichoandikwa 4:30, kikundi changu halali, nilichopaswa kukaa ndani yake kama kifaranga. Kilomita ya tatu nikakipita. Kilikuwa kinakwenda polepole mno! Miguu ilikuwa myepesi, watu wanashangilia, kano imelala usingizi wa pono. Kulikuwa na sauti kichwani inayosema *unapaa*, nikaizima. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kilomita 10: saa 1 na sekunde 50. Nusu ya njia: saa 2, dakika 10 na sekunde 40. Kila nilipotazama saa niliona akiba inakua, na nilianza kuipangia matumizi. Labda saa 4 na dakika 25. Labda 4 na 22. Jeli nilikunywa kwa wakati, maji kwa kiu tu kama nilivyofundishwa, maana anayekunywa kupita kiasi huzimua chumvi ya damu na hiyo nayo ni hatari. Kila kitu nilikifanya sawasawa isipokuwa kile kimoja.

Kilomita ya 28 sikuchoka. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza na silipatii neno. Ni kwamba kufikia pale miguu ilikuwa inakimbia yenyewe, na kuanzia pale ikawa inasubiri amri. Kila hatua niliiagiza. Kilomita 30: saa 3, dakika 8 na sekunde 50. Bado nilikuwa mbele ya ratiba kwa dakika 3 na sekunde 10. Nikizitazama zile dakika tatu kwenye saa, nilijua tayari ni za mtu mwingine.

Muda mfupi baada ya ubao wa 33, paja la kulia likanikamata. Misuli ilijikunja juu ya goti mpaka ikaonekana, panya chini ya ngozi. Nikasimama, nikashika nguzo. Na hapo nikasikia nyuma yangu sauti za watu wanazungumza. Kibendera. 4:30. Walikuwa kama ishirini, wanawake kwa wanaume, wengine wenye mvi kunizidi, na mama mmoja alikuwa anamweleza mwenzake habari ya fundi aliyemlipa akatoweka na mlango. Kwa sentensi nzima! Kilomita ya 33! Walinipita, na sikuwahi kujua kama mlango ulipatikana.

Kutoka pale nilitembea hatua mia, nikakimbia hatua mia mbili. Baadaye mia kwa mia. Nikamkumbuka John Stephen Akhwari, Mtanzania, Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968: juu kule mita 2,240 hivi kutoka usawa wa bahari, akaanguka, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda kwa saa 2:20:26. Walioanza ni 75, waliofika ni 57, na Akhwari alikuwa wa 57, akiingia uwanjani giza limeshaanza na watazamaji wengi wamekwenda zao. Hadithi hiyo ilinitia nguvu kwa takriban mita 300. Kisha nikakumbuka muda wake: 3:25:27. Kwa saa hiyo mimi nilikuwa nimevuka kilomita ya 32 tu, na magoti yangu yote mawili yakiwa mazima.

Kijana wa kituo cha maji, kilomita ya 37, akanimwagia sponji kichwani bila kuniuliza. Mungu ambariki. Mwingine akaniambia, "Umebakiza kidogo, mzee." Sikukasirika.

Kilomita ya 40 saa yangu ilikuwa tayari inadai 40.5. Nilikuwa na hakika, hakika ya kwenda mahakamani, kwamba wametuibia nusu kilomita. Sasa nimetulia najua sivyo. Njia hupimwa kwa mstari mfupi kuliko wote unaowezekana, sentimita 30 kutoka ukingo kwenye kona, na juu yake huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Anayekata kona kwa nje na kuyumba kufuata maji kama mimi hukimbia zaidi ya hapo, na amejitakia. Lakini wakati ule niliukemea ubao kwa sauti na mtu akageuka.

Ubao wa 42. Zimebaki mita 195, na kama una nguvu za kuwaza unaweza kuwashukuru Waingereza: marathoni ya Olimpiki ya London ya 1908 ilianzia Windsor Castle ikaishia mbele ya jukwaa la kifalme, umbali huo ukatokea hivyo, na mwaka 1921 ukafanywa kanuni ya dunia. Mimi sikuwa na nguvu za kumshukuru mtu. Nilikimbia mita zile zote 195 bila kutembea, mdomo wazi, na nikipita mstari paja likanikamata tena kiasi kwamba picha rasmi inanionyesha nikichechemea kama kuku mwenye kamba.

Saa 4, dakika 50 na sekunde 31.

Kano niliyoibembeleza siku 102, ngazi kwa ngazi, haikutia neno.

Shemeji alikuwa ananisubiri na jaketi, yeye akiwa amemaliza kwa saa 3 na dakika 38 na ameshabadili nguo. Akanivisha kama mtoto.

"Ya kwanza ulikimbia kwa ngapi?"

"Sita na sekunde mbili."

Akafunga zipu hadi shingoni. "Shemeji."

"Najua."

Siku ya 141, Jumatatu

Si mbaya nilivyodhani. Nimekwenda kazini. Medali iko kwenye begi, kwa bahati tu, kama mtu atauliza.

Siku ya 142, Jumanne

Nafuta ya jana. Siku ya pili ndiyo yenyewe. Kupanda ngazi naweza. Kushuka siwezi, kwa sababu misuli ya mbele ya paja ndiyo inayofunga breki kila hatua na nimeifungisha breki hizo makumi ya maelfu. Ofisini nimeshuka ghorofa mbili kinyumenyume, nimeshika reli. Mkuu wangu wa kazi alikuwa anapanda. Tukakutana uso kwa mgongo. Akanisalimia, nikamwitikia.

Siku ya 143, Jumatano

Choo cha kukaa ni neema.

Siku ya 147, Jumapili

Jumapili ya kwanza bila mbio. Niliamka saa 11 alfajiri nikakaa kando ya kitanda, sina pa kwenda. Kucha la kidole cha pili, mguu wa kulia, ni jeusi kama mbegu ya tikiti. Mke wangu ameuliza kama sasa yameisha. Nikasema ndiyo. Akasema, "Hukunitazama ukisema."

Nimepiga hesabu kwenye karatasi, siwezi kujizuia. Nusu ya kwanza 2:10:40, nusu ya pili 2:39:51. Kilomita 12 za mwisho zilinitoa dakika 23 na sekunde 41 kutoka kwenye muda wangu. Ili kuweka kibindoni dakika tatu nililipa ishirini na tatu. Mkopeshaji wa mtaani ana huruma kuliko hivyo.

Siku ya 154, Jumapili

Kilomita 6 na Shemeji, dakika 49. Aliniambia nimsimulie kuanzia kilomita ya 30. Nilisimulia njia nzima, nguzo, panya wa paja, kibendera, mama wa mlango, na tuliporudi nyumbani nilikuwa nimefika kilomita ya 38 tu, kwa hiyo tulisimama nje ya geti nikamalizia.

Siku ya 155, Jumatatu

Hatua za kwanza kutoka kitandani: kano ya kushoto inavuta kidogo. Mbili kati ya kumi.

Nimerudi ngazini. Mke wangu kapita na nguo, kasimama, kaweka beseni chini. "Moja," akasema.